Aliyetuchagulia Vaisi

Kisumu nzima inamsifu. Ukimtaja mbele ya mafundi wa chuma, kuanzia Kondele mpaka kule chini karibu na reli, kila mtu atakuambia huyo mzee alikuwa baba kwake. Sawa. Baba pia wako wa aina nyingi. Mimi nilikaa chini yake ujana wangu wote, na haya ninayoandika si ya matangani, kwa maana bado anapumua, yuko Kaloleni kwenye zile nyumba za kaunsili, anakunywa uji. Nitasema nilichoona. Shule niliiacha darasa la nne, lakini macho sikuyaacha huko.

Tulimwita Fundi. Sisi wengine pia tulikuwa mafundi, lakini ukisema Fundi tu, bila kuongeza jina, karakana yote ilijua ni yeye.

Karakana ilikuwa ya mabati, joto lake Mungu ndiye anajua, na katikati palikuwa na benchi la mbao ngumu, na juu ya benchi vaisi. Kwa asiyeijua, vaisi ni ile mashine ya taya mbili. Unaweka chuma katikati, unazungusha mkono wake, taya zinabana, halafu uje na tupa au msumeno au nyundo, hicho chuma hakiendi popote. Vitabuni wanaiita jiliwa. Sijawahi kusikia fundi akisema nipishe kwenye jiliwa.

Ile ya Fundi ilitoka kwenye karakana ya meli, enzi meli zilikuwa meli, na aliipenda kuliko alivyotupenda sisi. Jioni tukiwa tunanawa mikono, yeye alikuwa akiipangusa, anaitia grisi, anaifunika kwa kitambaa cha kushonwa maua, vile vitambaa vya kuweka kwenye viti vya sebuleni. Mke wake aliwahi kukitafuta nyumba nzima. Alipokikuta pale alisimama mlangoni akasema, "Kwa hivyo wageni wangu wakae kwenye viti vitupu, chuma kivae nguo?" Fundi akamjibu, "Wageni wako wanaenda nyumbani. Huyu analala kazini."

Siku moja kulikuja mtu mzima, ana ndevu, fundi wa kutoka upande wa Busia aliyekuwa anatafuta kibarua. Akanyoosha chuma kwa kukipigia juu ya taya yenyewe. Fundi akamwambia, "Omba msamaha."

"Nimuombe nani?"

"Uliyempiga."

Yule mtu akatutazama sisi. Hakuna aliyemsaidia. Akasema, "Pole."

"Sikusikia. Na yeye hakusikia."

"Pole!"

Tulicheka mpaka tukashika mabati. Hata mimi nilicheka. Siku hizi nikiikumbuka sioni kichekesho, naona mtu mzima anayetaka kazi, amesimamishwa mbele ya chuma.

Lakini kazi aliijua, na mimi si mtu wa kumnyima mwenzangu haki yake. Na jambo lililomjenga jina ni hili. Ukishakomaa, ukawa tayari kufungua karakana yako mwenyewe, Fundi alivaa koti na kofia, akaenda nawe dukani kukuchagulia vaisi. Hicho ndicho kilikuwa cheti chetu. Mteja hakukuuliza umesoma wapi. Aliuliza, "Hii vaisi ulichaguliwa na nani?" Ukijibu Fundi, anakuachia kazi yake anaenda zake sokoni bila wasiwasi.

Nilikuwa nikimfuata nikimtazama. Rangi hakuiangalia. "Rangi ni ya bibi harusi," alisema, "wewe unatafuta ng'ombe wa kulima." Aliigeuza vaisi kichwa chini, akaikwaruza tumbo kwa msumari, kwa sababu chuma kilichomiminwa vibaya kinakuwa na mashimo, na wajanja wanayaziba kwa puti kule chini ambako mnunuzi haangalii. Aliigonga kwa spana, akainamisha sikio. Alichana gazeti vipande viwili, kimoja pembe hii ya taya, kingine pembe ile, akafunga taratibu, halafu akavuta. Kimoja kikishikwa na kingine kikitoka, taya hazikutani sawa, rudisha hiyo kitu. Skrubu alitaka iliyofunikwa, isimeze vumbi la chuma. Aliuzungusha mkono kulia kidogo, kushoto kidogo, kusikia kama umelegea. Ile yenye kitako cha kuzunguka hakuitaka kabisa kwa kazi nzito. "Kinachozunguka," alisema, "kitazunguka siku usiyotaka."

Halafu alikuja mwenyewe kuifunga. Anakusimamisha mbele ya benchi, unakunja mkono, mahali kiwiko chako kinapofika ndipo juu ya taya pafike. Alihakikisha imekaa juu ya mguu wa benchi, na taya ya nyuma imetokeza nje kidogo, ili bomba refu likibanwa wima lipite mpaka chini. Mtu akichaguliwa na kufungiwa vaisi namna hiyo, alitembea mjini kama aliyeoa.

Hicho ndicho nilichokitaka. Sikutaka kingine kutoka kwake. Mshahara nilikula ukaisha, chai nilikunywa ikaisha. Nilitaka huyo mzee avae koti, aende dukani na mimi, aweke mkono juu ya chuma aseme, hii ni yako.

Sasa sikia sheria yake. Huku kwetu mtoto wa kwanza ndiye hujenga kwanza, wa pili anafuata. Mdogo akimruka mkubwa ameleta chira, ule mkosi wa kumkondesha mtu mpaka hospitali wanarudisha mikono mifukoni. Hiyo ni ya boma, ya ndugu wa damu. Fundi aliichukua akaiingiza karakanani. Aliyetangulia kuingia, atangulie kutoka. Kabla mkubwa wako hajachaguliwa vaisi, wewe huchaguliwi.

Na huyu alikuwa mzee wa kanisa! Jumapili alisimama mbele na tai yake, akawaambia watu waache mambo ya chira, Yesu ameshayamaliza msalabani, nasi tukaitikia amina. Jumatatu asubuhi ukimwambia unataka kutoka, anakuuliza, "Mkubwa wako ametoka?"

Mkubwa wangu aliitwa Okumu. Okumu aliingia karakana ile Jumatatu. Mimi niliingia Alhamisi ya wiki hiyo hiyo.

Fikiria hapo. Jumatatu na Alhamisi.

Okumu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Alikuwa mtu wa kuridhika, na mtu wa kuridhika akikaa mbele yako njiani ni kama lori limekwama kwenye matope ya Ahero, si kwamba linakuchukia, halina tu haraka. Alipenda redio, alipenda samaki ngege wa kukaanga, alipenda kusimulia mpira wa juzi. Tupa aliishika vizuri alipotaka. Nilimfuata siku moja tukiwa tunapaka rangi geti la shule.

"Okumu, utatoka lini?"

"Nitoke niende wapi, omera? Hapa chai ipo, kivuli kipo, na matatizo yote ni ya Fundi."

"Mimi nina watoto."

"Na mimi nimekukataza kuwalea?"

"Umenifungia mlango."

Akacheka, brashi mkononi. "Mlango uko wazi hata mbuzi anaingia. Toka."

"Bila kuchaguliwa?"

Naye alijua. Akachovya brashi. "Sasa unataka mimi nife ndiyo ufurahi?"

Nikamwendea Fundi mwenyewe. Nilimwambia, "Fundi, nichagulie vaisi, niende zangu Katito. Kule hakuna mtu wa magurudumu ya mkokoteni, hakuna wa majembe ya ng'ombe, watu wanabeba vyuma mpaka huku."

"Mkubwa wako ametoka?"

"Hataki kutoka."

"Basi msubiri atake."

"Na asipotaka mpaka afe?"

Aliinua macho, grisi mkononi. "Usimtabirie mwenzako kifo kwa ajili ya chuma," akasema, akaendelea kupangusa.

Nyuma yangu kulikuwa na wengine. Mmoja alichoka akanunua pikipiki. Mmoja alikwenda Nairobi akapotelea huko kwenye viwanda. Mikono mizuri, yote ilikaa kwenye foleni nyuma ya Okumu na redio yake. Fundi aliona. Haikumsumbua. Jioni alitununulia mandazi, akauliza hali za wake zetu, mtoto wa mtu akiugua yeye ndiye alibeba mpaka hospitali. Ndiyo maana watu wanamsifu. Mkono wake wa kulia ulikulisha, wa kushoto ulikushika shati.

Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, ndiye aliniambia siri yake, ikiwa ni siri. Alikuwa ametuletea nyoyo, mahindi na maharagwe, akanikuta nimenuna peke yangu. Akaniambia, "Usimkasirikie sana. Yeye alijenga kabla ya kaka yake. Alikuwa na pesa ya mjini, kaka yake hana. Kaka akafa kabla hajaweka hata nguzo moja. Watu wakamwonyesha kidole mazishini. Tangu hapo ndiyo ako hivyo."

Nilimsikia. Nilimwonea huruma, kwa muda wa kumaliza ile nyoyo. Halafu nikajiuliza, huo mzigo ni wake, mimi nimebebeshwa kwa nini? Yeye alijenga. Nyumba yake iko, ina mabati, watoto wake walilala humo. Alikula tunda halafu akaupigia ua mti.

Mke wangu alipojifungua mtoto wa tatu nikatoka. Nilikwenda asubuhi kazi ikiendelea, nikamwambia Fundi nimekuja kuaga. Hakubisha. Alikwenda kwenye vaisi, akaondoa chuma cha mtu kilichokuwa kimebanwa, akaifunika na kile kitambaa cha maua, saa nne asubuhi, watu wote wamesimama na tupa mikononi. Aliifunika ili isinione nikitoka, au mimi nisiione, sijui. Okumu peke yake ndiye alinisindikiza mpaka barabarani. Alinibebea sanduku.

Katito nilijinunulia vaisi peke yangu. Ilikuwa ya buluu, inang'aa, kitako kinazunguka, mkono mrefu. Niliikwaruza, niliigonga, nilifanya yote niliyomwona akifanya, lakini muuzaji alikuwa amenipandisha joto, na pengine mimi mwenyewe nilitaka sana kuipenda. Msimu wa kulima ulipofika nikabana jembe la ng'ombe, nikakaza, taya ikakatika ikaanguka miguuni kwangu. Ndani ya chuma kulikuwa na tundu la kuingia kidole.

Vaisi zinakatika kila siku. Lakini yangu ilipokatika, Katito yote ikasema ni chira. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Mke wangu akapata kikohozi cha kawaida tu, cha vumbi, wanawake wakaanza kumtazama mifupa ya shingo. Na kutoka Kisumu nikaletewa neno kwamba Fundi aliposikia alisema, "Nilimwambia." Hilo tu. Hakutuma pole, hakutuma mtu kuja kuona. Alimtuma "nilimwambia" asafiri mpaka Katito.

Nilisimama tena. Sitaeleza nilivyosimama, wenye kulala njaa wanajua. Leo ukipita barabara ya Kisii ukauliza magurudumu, mageti, mnara wa tangi la maji, utaletwa kwetu. Wanangu ndio wanaendesha. Na kila aliyefunzwa kwangu nilimchagulia vaisi mimi mwenyewe, siku aliyokuwa tayari, awe aliingia wa kwanza au wa mwisho. Hakuna aliyekonda.

Kwa hivyo mtu ataniuliza, na wanangu waliniuliza, ulirudi kwake kutafuta nini?

Niliamua kuacha kelele za Katito, nikajenga karakana ndogo nyumbani Pap Onditi, nyuma ya jiko, ya mikono yangu tu, nitengeneze ninachotaka. Benchi nikalitengeneza zito, miguu ya chuma cha reli. Kilichobaki ni vaisi. Na mwaka huo huo Okumu akafa. Alifia kazini kwa Fundi, hajawahi kutoka, tukamzika kwao Seme. Nilibeba jeneza upande wa mbele. Fundi alikaa kwenye kiti cha heshima, fimbo katikati ya magoti, macho yameshafifia. Nami nikiwa nimebeba mwenzangu begani nikawa nawaza, sasa njia iko wazi. Huyu mzee hana tena mtu wa kuniwekea mbele.

Nikaacha matanga yaishe vizuri, ndipo nikaenda Kaloleni na pikapu. Mama alifungua mlango, akanishika mikono yote miwili. Fundi alikuwa kwenye kiti, redio imezimwa.

"Nani?"

Nikamtajia.

"Wa Katito."

"Wa Katito, Fundi. Nimejenga karakana nyumbani. Nataka unichagulie vaisi."

Akaitafuta fimbo yake kwa mkono. Kisha akamwambia mke wake, "Leta koti."

Nikwambie ukweli, mimi mwenye wajukuu, nilimvalisha koti hilo mwenyewe. Tulimshusha ngazi taratibu, mimi huku, Mama huku, tukamwingiza kwenye gari.

Dukani mwenye duka, mama mmoja mnene mcheshi, alimtambua akatoka nyuma ya kaunta. "Jaduong', mzee wetu! Umefufuka?"

"Sijafa. Leta nzito zote."

Kijana wake wa mauzo akaanza, "Mzee, hii ni hevi-dyuti, kitako kinazunguka pande zote..."

"Wewe nyamaza," yule mama akamwambia. "Huyu hauziwi."

Macho hayakuona vizuri, lakini vidole vilikuwa vile vile. Aligeuza, akakwaruza, akagonga akasikiliza. Aliomba gazeti. Nilimchania mimi. Ya kwanza akaisukuma. Ya pili akasema imelegea. Ya tatu aliilalia kifua akasikiliza kama daktari, akaisukuma. Halafu ikaja moja ya kijivu, mbaya kwa sura, inchi sita, kitako kimoja na mwili, skrubu imefichwa ndani. Alikaa nayo. Alifunga gazeti akavuta, likachanika pembe zote mbili. Akaweka kiganja juu yake.

"Hii."

Kama mtu ameitwa jina lake mbele ya kanisa zima, ndivyo nilivyosikia. Kijana akauliza, "Tufunge, mzee?"

"Funga," Fundi akasema. "Inaenda Seme, kwa Okumu."

Nikadhani akili imemwacha. "Fundi, Okumu tulimzika. Ulikuwepo, ulikaa mbele."

"Najua tulimzika. Mtu akifa bila nyumba, si anasimamishiwa kibanda kwanza ndiyo azikwe? Huyu tumemzika bila vaisi. Mpelekee, ifungwe kwake. Akishapata, wewe njoo nikuchagulie yako."

"Basi chagua mbili. Leo leo. Ya Okumu nitaipeleka mwenyewe, naapa."

"Siku moja? Mkubwa na mdogo wahamie siku moja?"

"Utarudi lini hapa, Fundi? Leo tumekubeba!"

"Nitarudi."

"Okumu hakuitaka!" Nilikuwa nimeshapandisha sauti. "Miaka yote ile hakuitaka! Nilimuuliza, alinicheka!"

"Wazee," yule mama akasema polepole, "hapa ni dukani."

Fundi hakupandisha sauti. Alisema, "Wewe ni wa Alhamisi." Basi. Kama mtu anayekutajia kabila lako.

Nikamgeukia kijana. "Ipakie kwenye pikapu. Ni yangu." Nikalipa. Fundi akaondoa kiganja chake juu ya chuma, akakifuta kwenye koti.

Nikamrudisha Kaloleni. Nilimpandisha ngazi, akashika mwimo wa mlango, akapumzika. Kisha akauliza, "Umeipakia?"

"Nimeipakia."

"Ifunge vizuri, uitilie grisi. Ni ya mtu."

Akaingia ndani. Mama alinitazama, akafunga mlango taratibu.

Sikuipeleka Seme. Iko Pap Onditi, nimeifunga mwenyewe, kwa kiwiko changu mwenyewe. Inabana vizuri kuliko chochote nilichowahi kushika, na mafundi wakipita wanaipapasa, wanauliza nani alichagua. Nasema Fundi. Wananitazama kwa ile heshima niliyoitafuta tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nami naipokea.

Juzi jirani alileta bomba nimkatie. Akazunguka benchi akitazama. "Mzee, mashine nzuri hii. Ni yako?"

"Ni yangu," nikamwambia.

Hakuwa amebisha. Alikuwa ameshainama kuokota bomba lake. Nikamwambia tena.